Fundi, Mchoro na Monita ya Mashine ya Mchezo

Mara nyingi katika kurasa hizi tumezungumza juu ya mishahara, saa za kazi na mikataba. Safari hii tunazungumza juu ya kazi yenyewe, nayo ni kazi ya kutengeneza bodi za monita za zile mashine kubwa za michezo ya video, zilizokuwa zikitiwa sarafu katika mabaa na kumbi za michezo za Marekani, Kanada na Japani kuanzia mwisho wa miaka ya 1970. Mashine hizo ni za zamani, lakini bado zinawashwa, bado zinaharibika, na bado wapo mafundi wanaopata riziki kwa kuzitengeneza.

Huenda msomaji akauliza yanatuhusu nini sisi. Yanatuhusu kwa sababu mbili. Kwanza, ndani ya monita hiyo mna saketi ya aina ile ile ambayo fundi wetu wa televisheni wa Kampala, Bukavu au Kigoma ameifungua mara nyingi mezani pake. Hatari zake ni zile zile na dawa zake ni zile zile. Pili, mashine hizi zinatufundisha jambo ambalo kila mfanyakazi wa ufundi anapaswa kulidai, yaani mchoro wa saketi. Mashine ya mwaka 1981 inatengenezeka leo kwa sababu mchoro wake ulitolewa pamoja nayo. Vyombo vingi vilivyotengenezwa juzi havina bahati hiyo.

MASHINE HIZI ZILITOKA WAPI

Mwaka 1978 kampuni ya Taito ya Japani ilitoa mchezo wa Space Invaders. Mwaka 1979 Atari ya California ikatoa Asteroids. Mwaka 1980 Namco ya Japani ikatoa Pac-Man, na kampuni ya Midway ya eneo la Chicago ikausambaza mchezo huo Marekani. Mwaka 1981 Nintendo ikatoa Donkey Kong. Mashine zenyewe zilikuwa makabati ya mbao yenye kimo cha mtu na tundu la sarafu. Ndani mlikuwa na bodi ya mchezo, sehemu ya kugawa umeme, na monita, ambayo mara nyingi ilikuwa ya inchi 19.

Monita hizo zilitoka katika viwanda vilivyojua redio na televisheni. Wells-Gardner ya Chicago, iliyoanzishwa mwaka 1925, ilianza na redio. Electrohome ya mji wa Kitchener, Ontario, iliyoanzishwa mwaka 1907, ilianza na gramafoni. Sanyo ya Japani ilitengeneza monita za inchi 20 zilizotiwa katika mashine za Nintendo. Kwa hiyo monita ya mchezo si kitu cha ajabu. Ni televisheni iliyoondolewa sehemu ya kupokea mawimbi, ikapewa waya za rangi nyekundu, kijani na buluu moja kwa moja kutoka bodi ya mchezo.

Mwaka 1983 biashara ya michezo ya video ilianguka Marekani. Kumbi nyingi zilifungwa na mashine zikatupwa maghalani. Wells-Gardner nayo iliamua kufunga shughuli zake mwaka 2014. Hata hivyo mashine hazikufa pamoja na viwanda. Zimebaki mikononi mwa wenye kumbi, majumba ya makumbusho na watu wanaozipenda, na zinaishi kadiri wanavyopatikana mafundi wa kuzifufua.

BODI INAFANYA KAZI GANI

Ili tuelewane, tuchukue mfano mmoja unaojulikana sana, monita ya Electrohome G07 ya mwanzo wa miaka ya 1980. Umeme unaingia kwa volti 120 za mkondo geu. Dayodi nne zinaugeuza kuwa mkondo mnyofu, na kapasita kubwa inaulainisha. Hapo volti zimekwisha panda hadi karibu 170. Kisha sehemu iitwayo regyuleta inazishusha na kuzishikilia zisiyumbe. Katika G07 kipimo chake ni volti 120 za mkondo mnyofu. Mafundi wa Marekani huziita B+, na ndizo chakula cha bodi nzima.

Baada ya hapo kuna kazi tatu. Kazi ya kwanza ni kuusukuma mwale wa elektroni kutoka juu kwenda chini ya kioo, mara 60 hivi kwa sekunde. Kazi ya pili ni kuuvuta kutoka upande mmoja wa kioo hadi wa pili, karibu mara 15,700 kwa sekunde. Kazi ya tatu ni kutia rangi, na hiyo hufanywa na bodi ndogo iliyochomekwa shingoni mwa tyubu ya picha.

Kazi ya pili ndiyo nzito kuliko zote. Inafanywa na transista moja kubwa iliyofungwa kwenye bamba la kupozea. Transista hiyo huwasha na kuzima transfoma maalum, ile ambayo mafundi huiita flaibaki. Flaibaki nayo huzalisha volti karibu 20,000 za kuivuta elektroni hadi kwenye kioo. Fundi na akumbuke jambo hili, kwa maana litamwokolea muda mwingi: volti kubwa ya tyubu inatoka katika kazi ya mlalo. Mlalo ukifa, volti kubwa inakufa, na kioo kinakuwa cheusi hata kama tyubu ni nzima kabisa.

KWANZA UHAI

Kabla ya kugusa bisibisi, tuzungumze juu ya uhai. Tyubu ya picha ni kapasita kubwa ya kioo. Upande wa ndani umepakwa utando unaobeba volti kubwa, upande wa nje umepakwa rangi nyeusi ya grafiti, na glasi iko katikati. Inaweza kushika chaji muda mrefu baada ya mashine kuzimwa, hata siku kadhaa. Mshtuko wenyewe huenda usiue, lakini mkono huruka nyuma kwa nguvu. Mafundi wamejikata kwa mabati, na wengine wamepiga shingo ya tyubu ikavunjika.

Namna ya kuitoa chaji ni hii. Zima mashine na uchomoe plagi. Chukua bisibisi pana yenye mpini mzuri wa plastiki, ufunge waya kwenye chuma chake, na upande wa pili wa waya uufunge kwenye ule waya wa kusuka ulio wazi uliozunguka mgongo wa tyubu. Usiufunge kwenye bodi, kwa sababu chaji ikipita humo inaweza kuua vipuri vidogo. Mkono mmoja uwe mfukoni au mgongoni. Ingiza ncha ya bisibisi chini ya kifuniko cha mpira cha waya mnene mpaka iguse chuma. Utasikia mlio mfupi, au hutasikia kitu. Ngoja dakika chache kisha rudia, kwa sababu glasi huweza kurudisha sehemu ya chaji. Vua pete na saa, vaa miwani, na usifanye kazi hiyo ukiwa peke yako.

Hatari ya pili ni umeme wa ukutani. Monita nyingi za aina hii, G07 ikiwamo, hazina transfoma yao ya kuitenga bodi na umeme wa laini. Transfoma hiyo imo chini ya kabati. Fundi akiitoa monita kabatini na kuichomeka moja kwa moja ukutani, fremu nzima yaweza kuwa na umeme wa laini, na klipu ya ardhi ya kifaa cha kupimia inaweza kuleta shoti kubwa. Hapana budi kila meza iwe na transfoma ya kutenga.

Hapa kwetu kuna mtego zaidi. Umeme wetu ni wa volti 220 hadi 240, na watu hununua visanduku vya kushusha volti hadi 110 ili kutumia vyombo vya Marekani. Vingi kati ya visanduku hivyo vina koili moja tu iliyotolewa tawi katikati. Vinashusha volti, lakini havitengi hata kidogo, na mwenye kukitegemea hajakingwa. Kama hujui ulicho nacho, kichomoe, kisha pima kwa mita njia kati ya miguu ya kuingilia na miguu ya kutokea. Mita ikionyesha njia, hiyo si transfoma ya kutenga. Na hata transfoma ya kweli ya kutenga haimkingi mtu anayeshika sehemu mbili za bodi kwa mikono miwili.

Hatari ya tatu haionekani. Volti ya bodi ikizidi kipimo, volti ya tyubu nayo hupanda, na tyubu yaweza kutoa miale ya eksirei kupita kiasi. Mwaka 1967 kampuni ya General Electric ililazimika kuzishughulikia makumi ya maelfu ya televisheni za rangi kwa sababu ya miale hiyo. Mwaka uliofuata Bunge la Marekani lilipitisha sheria ya kudhibiti mionzi ya vyombo vya umeme, na kikomo kikawekwa cha milirontgeni 0.5 kwa saa, umbali wa sentimita 5 kutoka kwenye chombo. Kwa hiyo fundi anayeongeza volti ili picha ing'ae anajiweka yeye na mteja wake katika hatari. Kipimo cha kitabu ni amri.

KUTAFUTA UGONJWA KWA UTARATIBU

Fundi mbaya huanza kwa kubadilisha vipuri. Fundi mzuri huanza kwa macho, pua na masikio. Tazama bodi juu na chini kwa taa kali. Tafuta sehemu iliyogeuka rangi kwa joto, kapasita iliyovimba au kuvuja, na flaibaki yenye ufa. Tazama risasi ya kulehemu kwenye miguu ya vipuri vizito, vinavyopata moto, na kwenye soketi za waya. Miaka 40 ya kupata moto na kupoa huacha ufa wa mviringo kuzunguka mguu. Kwa macho matupu unaonekana kama unywele, na mara nyingi ndio ugonjwa wote. Kuyeyusha risasi ya zamani, kuinyonya na kutia mpya ni kazi ya dakika chache, na imeponya monita nyingi kuliko kipuri chochote.

Kisha washa na usikilize. Volti kubwa inapopanda, tyubu hutoa sauti ya kuchakarika, na nywele za mkono husimama ukiukaribia uso wa kioo. Tazama shingo ya tyubu kwa nyuma. Je, filamenti inawaka rangi ya chungwa? Maswali haya mawili, volti kubwa na filamenti, yanagawanya kazi nusu kwa nusu.

Kama fyuzi imeungua, usiweke nyingine papo hapo, na kamwe usiweke kubwa zaidi wala kipande cha waya. Fyuzi haifi bure. Washukiwa wa kwanza ni wawili, zile dayodi nne za mlangoni na transista kubwa ya mlalo. Umeme ukiwa umezimwa na kapasita kubwa imetolewa chaji, pima transista hiyo kati ya kolekta na emita. Mita ikionyesha karibu sifuri pande zote mbili, itoe kwenye bodi na uipime tena. Ikiwa bado ni sifuri, imekufa kwa shoti.

Hapo wengi hukosea. Huweka transista mpya, huwasha, na mpya nayo hufa katika nusu sekunde. Yafaa kwanza tujue kilichoiua. Inaweza kuwa flaibaki iliyoungana ndani, volti iliyozidi, ufa wa risasi, au ile kapasita ya volti kubwa iliyo karibu na transista. Kapasita hiyo ikipoteza thamani yake, volti ya tyubu hupanda ghafla. Ndiyo maana mafundi huiita kapasita ya usalama, na haifai kubadilishwa kwa ya kubahatisha.

Njia salama ya kupima ni balbu. Iache transista ya mlalo nje, kisha unganisha balbu ya kizamani ya nyuzi, ya wati 60 au 100 na ya volti 120, kati ya njia ya B+ na ardhi ya bodi. Balbu inakuwa mzigo mahali pa mlalo. Washa na upime. Katika G07 mita ikisoma volti 120 na kirekebishi kinaweza kuzipandisha na kuzishusha kidogo, regyuleta ni nzima na ugonjwa uko mbele. Mita ikisoma 160 na zaidi na haisogei, regyuleta imekufa na hiyo ndiyo iliyoiua transista. Usipime bila mzigo wowote, maana katika bodi za namna hii mita itakudanganya na utalaumu sehemu nzima.

DALILI NA MAANA YAKE

Wenzetu waliotutangulia walijifunza kusoma kioo kama mganga anavyosoma uso wa mgonjwa. Tunaziweka hapa dalili chache zilizo za hakika.

Mstari mmoja wa mlalo katikati ya kioo. Kazi ya kwenda chini imekufa. Punguza mwanga upesi, kwa sababu mstari huo unaweza kuunguza unga wa kioo na kuacha alama ya kudumu. Kisha tafuta transista au saketi ya wima, rezista zake na soketi ya yoki.

Mstari mmoja wa wima katikati. Hapa fundi afikiri. Kwa kuwa mwanga upo, volti kubwa ipo, na kwa hiyo transista ya mlalo na flaibaki zinafanya kazi. Ugonjwa umo katika njia ya kwenda kwenye yoki, yaani soketi, waya, koili au kapasita iliyo katika mstari huo.

Picha inayoyumba kingo zake kama nguo upeponi, au yenye kivuli kipana kinachopanda au kushuka polepole. Umeme haulainishwi vizuri. Anza na kapasita kubwa ya mlangoni.

Picha iliyofupika au kujikunja sehemu ya juu au ya chini. Kapasita za sehemu ya wima zimekauka.

Picha inayobingirika au kupasuka mishazari. Waya wa ulinganifu kutoka bodi ya mchezo umekatika au umelegea, au marekebisho yamehama.

Rangi moja imekosekana, tuseme nyekundu. Kabla ya kugusa kitu, badilishana waya mbili za kuingilia, nyekundu na kijani. Kama nyekundu bado haipo kiooni, kosa ni la monita, na mara nyingi ni ufa wa risasi au transista kwenye bodi ya shingoni. Kama sasa nyekundu imeonekana na kijani ndiyo imepotea, monita ni nzima na kosa liko katika bodi ya mchezo au waya zake. Jaribio hili halina gharama, na humzuia fundi kutengeneza kitu kisichoumwa.

Rangi zote zimegeuka, nyeusi ikawa nyeupe. Kama bodi ni ya Nintendo ya wakati wa Donkey Kong, huenda hakuna kilichoharibika. Nintendo walipeleka ishara ya picha ikiwa kinyume, na monita ya Sanyo iligeuza tena. Mtu akiweka monita ya kawaida bila kifaa cha kugeuza, ataona picha kama ya negativu.

MONITA ZA KUCHORA MISTARI

Kuna aina nyingine iliyowaumiza mafundi vichwa. Mchezo wa Asteroids haukutumia monita ya kufagia kioo mstari kwa mstari. Mwale wake ulichora umbo moja kwa moja, kama kalamu juu ya karatasi. Tempest ya Atari ya mwaka 1981 ilifanya hivyo kwa rangi, juu ya monita ya Wells-Gardner 6100. Katika monita hizi transista za kusukuma mwale zinafanya kazi ngumu, na bodi ya mchezo ikikosea, mwale husukumwa pembeni na kubaki huko mpaka transista zinaungua.

Kwa hiyo fundi akikuta transista za 6100 zimeungua, asiishie hapo. Aichunguze bodi ya mchezo kabla ya kuiunganisha tena na monita. Vilevile, monita hii ina saketi ya kulinda kioo. Mwale ukikosa kusogea, saketi hiyo huuzima na kuwasha taa ndogo nyekundu. Taa hiyo si ugonjwa bali ni mlinzi anayepiga kelele, na ni kosa kubwa kumnyamazisha ili picha ionekane.

VIPURI NA AFYA YA MFANYAKAZI

Adui mkubwa wa bodi hizi ni uzee wa kapasita za majimaji. Ndani yake mna karatasi iliyoloweshwa, na kwa joto la miaka mingi hukauka. Ndiyo maana desturi ya kazi hii ni kuzibadilisha zote kwa mkupuo, kwa kuangalia alama ya chanya na hasi, kutopunguza volti iliyoandikwa, na kuchagua zile za kustahimili nyuzi 105. Zote kwa pamoja gharama yake si kubwa. Transista za mlalo ni jambo jingine, kwani sokoni zimejaa za bandia zenye jina sahihi na tumbo dogo. Heri kununua chache kwa muuzaji anayejulikana kuliko nyingi kwa bei ya chee.

Tyubu zenyewe hazitengenezwi tena kama zamani, na mafundi wa Marekani wamekuwa wakizitoa katika televisheni zilizotupwa na kuziweka katika mashine za mchezo, mradi ukubwa, shingo na koili za yoki vilingane. Tunalitaja hili kwa sababu hapa kwetu televisheni za mgongo mnene zinavunjwavunjwa ovyo kutafuta shaba. Kioo cha nyuma cha tyubu kina madini ya risasi, na ndani hamna hewa, kwa hiyo ikivunjika vipande vinaruka. Kuivunja kwa nyundo uani, watoto wakitazama, si kazi bali ni maafa.

Kwa afya ya fundi, tuondoe dhana moja. Moshi wa kulehemu unaochoma macho si mvuke wa risasi. Ni moshi wa utomvu wa msonobari uliomo ndani ya waya wa risasi, nao unaweza kuleta pumu ya kazini kwa anayeuvuta kila siku. Dawa yake ni dirisha wazi na feni ya kuuvuta moshi mbali na uso, siyo feni ya kuupuliza usoni mwa jirani. Risasi yenyewe huingia kwa mikono, kwa hiyo osha mikono kwa sabuni kabla ya kula, kunywa au kuvuta sigara, na usile juu ya meza ya kazi.

MCHORO NI CHOMBO CHA KAZI

Sasa tufike kwenye shina la jambo. Mashine hizi zilipouzwa, ziliuzwa na kitabu. Ndani yake mlikuwa na mchoro mzima wa saketi, orodha ya vipuri na namba zake, volti za kutegemewa, na utaratibu wa kutafuta makosa. Kampuni hazikufanya hivyo kwa huruma. Mashine iliyokufa katika baa haikuingiza sarafu, na mwenye mashine hakuweza kungoja kiwanda. Alitaka fundi wake aitengeneze pale pale. Faida ya mwenye mali na mahitaji ya fundi vilikutana, na matokeo yake ni kwamba kiwanda kimefungwa lakini bodi yake inatengenezeka.

Linganisheni na hali ya sasa. Fundi wa simu, kompyuta au televisheni bapa mara nyingi hapewi mchoro, hauziwi kipuri, na wakati mwingine chombo hukataa kipuri kilichowekwa na mtu asiyeidhinishwa na kampuni. Ujuzi wake haujapungua. Alichonyang'anywa ni habari. Na fundi asiye na habari anageuzwa kuwa mbadilishaji wa bodi nzima, mwenye mshahara mdogo na asiye na cha kumrithisha mwanafunzi wake.

Katika nchi nyingine wafanyakazi, wakulima na watumiaji wamepigania jambo hili. Huko Marekani sheria za haki ya kutengeneza vyombo vya elektroniki zilianza kutumika New York mwishoni mwa mwaka 2023, kisha Minnesota na California tarehe 1 Julai 2024. Umoja wa Ulaya ulipitisha agizo lake mwaka 2024, na nchi wanachama zilipewa mpaka tarehe 31 Julai 2026 kuanza kulitumia. Hizo ni hatua njema. Lakini tazameni kejeli ya mambo: sheria za Minnesota na California ziliziacha nje mashine za nyumbani za michezo ya video. Mashine ya mchezo ya mwaka 1981 ilikuja na mchoro kabatini, ilhali mrithi wake wa leo amepewa ruhusa ya kuuficha.

TUNAYOYASHIKA NA TUNAYOYADAI

Kwa mafundi wenzetu tunasema hivi. Wekeni transfoma ya kutenga katika kila karakana, na kama mmoja hawezi kuinunua, wanne wachangiane. Andikeni katika daftari kila ugonjwa mliouona, volti mlizozipima na dawa iliyofaa, maana kumbukumbu ya kichwani huzikwa na mwenyewe. Michoro ya zamani msiitumie kufungia karanga. Inakilini na kuigawa. Na mwanafunzi asifundishwe kubadilisha kipuri kabla ya kufundishwa kutoa chaji ya tyubu na kusoma mita.

Kwa waajiri tunasema kuwa miwani, feni ya moshi, transfoma na mtu wa pili katika chumba si zawadi. Ni sehemu ya gharama ya kazi kama ilivyo risasi na fyuzi.

Kwa vyama vyetu tunasema kuwa suala la mchoro na vipuri liingie katika madai yetu, bega kwa bega na mshahara. Serikali na mashirika ya umma yanaponunua vyombo vya umeme kwa wingi, mkataba useme wazi kwamba mchoro wa saketi, orodha ya vipuri na kitabu cha matengenezo vitatolewa kwa lugha ambayo mafundi wetu wanaisoma. Kwa uamuzi huo mmoja, kazi ambayo ingepelekwa ng'ambo inabaki nyumbani.

Wahenga walisema mkono mtupu haulambwi. Fundi bila mchoro ni mkono mtupu, hata akiwa na ujuzi wa miaka 30. Bodi ya G07 imevuka miaka zaidi ya 40 na bado inaweza kuwaka, kwa sababu mtu aliyeichora alikubali kumwonyesha mwenziwe jinsi ilivyo. Tudai hilo hilo kwa vyombo vya leo, ili watoto wetu nao wapate cha kutengeneza.